Injini inapokohoa Nyanda za Juu Kusini: kutafuta tatizo la mafuta kwenye ndege ndogo ya mafunzo

Mwanafunzi aliyejifunza kuruka Dar es Salaam, akipangiwa safari yake ya kwanza ndefu kuja Nduli au Songwe, huwa ameshashika jambo moja kuhusu mafuta: yasiishe. Ni jambo jema, ila huku halitoshi. Nduli ya Iringa ipo karibu futi 4,700 juu ya usawa wa bahari, Songwe ya Mbeya kama 4,400, na Njombe inakaribia 6,400. Katika vimo hivyo injini inaweza kukohoa huku matangi yamejaa, na matangi yanaweza kukauka kabla ya saa uliyoipigia hesabu bila tone moja kuvuja. Kwa hiyo swali la kwanza si "mafuta yapo?" bali "yamekwama wapi, au yamekwenda wapi?" Kuna sehemu nne tu za kutafuta: kwenye tangi, njiani, kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta, au kwenye karatasi ya hesabu.

Nimefuata dalili, kwa sababu rubani huanza kuona dalili, chanzo hukijua baadaye. Mifano ni ya Cessna 152 na 172 na Piper PA-28, ndege za kawaida za mafunzo. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na haya, fuata kitabu.

Imekohoa ukiwa hewani: mkono uende wapi

Kwanza shusha au inua pua upate kasi ya kuelea (kwenda bila nguvu ya injini) iliyoandikwa kwenye kitabu, elekeza ndege mahali panapotulika, ndipo uguse vitasa. Ukiwa upande wa Usangu una tambarare chini yako. Ukiwa kati ya Uporoto na Kitulo huna, na hilo lilipaswa kuamuliwa ulipochora njia kwenye ramani.

Kisha mkono ufuate njia ya mafuta, kutoka tangini hadi kwenye silinda. Badilisha tangi. Washa pampu ya umeme kama ipo. Sukuma kitasa chekundu cha mchanganyiko (ndani huongeza mafuta, nje hupunguza), na kama upo juu sana, kirudishe taratibu ukisikiliza injini. Vuta kitasa cha joto la kabureta, kinachoiingizia hewa ya moto, mpaka mwisho. Hakikisha praima, pampu ndogo ya mkono ya kuwashia, imesukumwa na kufungwa, maana praima iliyolegea huachia injini mafuta ya ziada na kuifanya itetemeke, hasa nguvu ikiwa ndogo. Magneto, vizalisha cheche vya plagi, ziwe zote mbili. Anayeukumbuka mfuatano huu kwa njia ya mafuta hahitaji kuukariri kama shairi.

Injini inatetemeka au haina nguvu unapojaribu kuondoka

Hii ndiyo dalili inayowapata wageni wengi wa uwanja wa juu, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Mwanafunzi anasoma orodha ya ukaguzi: mchanganyiko, tajiri, yaani mafuta mengi. Anasukuma kitasa chekundu hadi mwisho kama alivyozoea pwani, anafungua throto yote, ndege inaanza kukimbia kwa uvivu. Injini inanguruma kwa sauti nzito, inatetemeka kidogo, moshi wa ekzosi una weusi. Mwanafunzi anadhani magneto imekufa. Haijafa. Hewa ya Songwe ni nyembamba, lakini kabureta inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba ipo ufukweni. Mafuta yamezidi hewa, hayaungui vizuri, nguvu inapotea.

Kimo kilichoandikwa kwenye ramani si kimo ambacho injini inakihisi. Chukua Songwe mchana wa nyuzi 28. Katika kimo kile hewa ya kawaida, ile sanifu ya vitabu vya urubani, ingekuwa na nyuzi kama 6. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120, kwa hiyo nyuzi 22 za ziada zinaongeza futi zaidi ya 2,600. Injini yako ipo futi 7,000 kabla magurudumu hayajaondoka ardhini. Fanya hesabu hiyohiyo Njombe siku ya nyuzi 20 utakuta unakaribia 8,500.

Dawa yake imo kwenye vitabu vya Cessna wenyewe: kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000, rekebisha mchanganyiko kabla ya kuondoka. Simama, shika breki, fungua throto yote, kisha vuta kitasa chekundu taratibu huku macho yakiwa kwenye mizunguko ya injini kwa dakika. Mizunguko itapanda. Ikifika kileleni na kuanza kushuka, rudisha kitasa ndani kidogo, upande wa utajiri, na ukiache hapo. Usifanye hivyo juu ya changarawe, pangaboi litaokota mawe. Kama ardhi ni mbaya, fanya kwa mizunguko midogo zaidi kisha umalizie wakati ndege imeanza kukimbia.

Wapo wakufunzi wanaoogopa kumfundisha mwanafunzi kugusa kitasa chekundu chini ya kimo fulani, wakihofia ataikausha injini kwa kuipa mafuta kidogo mno na kuichemsha. Hofu hiyo ina msingi pale injini inapotoa zaidi ya asilimia 75 ya nguvu yake. Katika futi 7,000 injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) huvuka hapo kwa kidogo tu hata ukiikanyaga: hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Mwanafunzi anayekatazwa kugusa kitasa kile huku nyandani anafundishwa kuondoka na injini iliyosongwa na mafuta, na mbele yake kuna vilima.

Jambo la pili la kukubali ni hili: hata ukirekebisha vizuri kabisa, utapata kama sehemu nne kwa tano za nguvu ya pwani. Ndege itakimbia umbali mrefu zaidi na itapanda polepole. Hapo hakuna ugonjwa, fundi asisumbuliwe.

Upande wa kutua, mtego hugeuka. Ukishuka kutoka futi 9,500 kuja Songwe na mchanganyiko uleule wa juu, hewa inakuwa nzito na injini inakaukiwa. Ukihitaji nguvu ghafla itakohoa. Sukuma kitasa kidogokidogo kadiri unavyoshuka. Lakini usikisukume chote kwa mazoea ukiwa fainali, mstari wa mwisho wa kutua, ya Njombe, kwa sababu ukilazimika kupaa tena utakuwa umerudi kwenye tatizo la mwanzo, safari hii ukiwa chini na kasi ndogo. Weka pale ulipoweka wakati wa kuondoka uwanja wa kimo kama hicho.

Magneto moja inashusha mizunguko kupita kiasi

Kwenye 172N kitabu kinaruhusu kushuka hadi mizunguko 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Ukiona zaidi, na injini inatetemeka, shuku plagi zenye masizi ya risasi (madini ya lead) kabla ya kuishuku magneto. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ina risasi, na ukitembeza ndege muda mrefu ardhini na mchanganyiko tajiri katika kimo hiki, risasi na masizi huganda kwenye plagi. Ongeza mizunguko kiasi, vuta kitasa chekundu mpaka injini iwe laini na moto, ngoja sekunde kadhaa, pima tena. Ikirudi sawa, endelea, na kuanzia hapo tembea ardhini ukiwa umeshavuta kitasa. Isiporudi, hiyo ni kazi ya fundi, safari imeishia hapo.

Mizunguko inapungua polepole, hakuna ulichogusa

Asubuhi ya Juni au Julai, Njombe au upande wa Tukuyu, ukungu umelala mabondeni. Unashusha nguvu kuelekea uwanjani, na baada ya muda unagundua mkono umesukuma throto mara mbili bila wewe kuamua. Hiyo ni barafu ya kabureta. Mafuta yanapovukiza ndani ya kabureta hunyonya joto, na hewa inayopita inaweza kupoa zaidi ya nyuzi 20. Unyevu uliomo huganda kwenye koo la kabureta. Haihitaji baridi ya kuumiza masikio. Siku ya nyuzi 18 yenye unyevu inatosha, hasa throto ikiwa imefungwa nusu.

Vuta joto la kabureta lote. Kama kweli kuna barafu, injini itakohoa zaidi kwa muda, itatikisika, itameza maji yanayoyeyuka. Hapa ndipo mwanafunzi huingiwa na woga na kulirudisha. Usilirudishe. Mizunguko itapanda yenyewe barafu ikiisha.

Linalosahaulika huku juu ni kwamba hewa ya moto ni nyembamba zaidi, kwa hiyo joto la kabureta linaongeza utajiri wa mchanganyiko. Ukiliacha kwa muda mrefu kwenye futi 9,500, vuta na kitasa chekundu kidogo. Na ukitaka kutofautisha barafu na mchanganyiko uliozidi: utajiri unasumbua zaidi ukifungua nguvu yote na unapona ukivuta kitasa, barafu hunyemelea nguvu ikiwa ndogo na haijali kitasa. Injini za sindano, zinazopuliziwa mafuta moja kwa moja kwenye silinda, kama ya 172S, hazina kabureta, hivyo barafu ya aina hii haziipati.

Inakohoa mara tu baada ya kuruka, au inazima ukiinua pua

Fikiria maji.

Usiku wa Mbeya wa kipupwe ni baridi na mchana jua linachoma. Tangi lililolala nusu lina hewa nyingi ndani, hewa ile ina unyevu, unyevu hugeuka matone ukutani na kutiririka chini ya mafuta, kwa kuwa maji ni mazito zaidi. Masika yana njia nyingine: mpira wa kifuniko cha tangi ukikauka na kupasuka, mvua ya usiku kucha hupenya juu ya bawa bila mtu kujua. Lita za maji zinaweza kuingia kwa njia hiyo, si matone.

Kabla ya ndege kutikiswa au kusogezwa, chukua kikombe cha sampuli uende kila koki, chini ya kila bawa na kwenye chujio la injini. 172S ina koki 13. Mwanafunzi anayemaliza kwa dakika moja hakuzifikia zote. Inua kikombe uelekee mwanga wa anga, si bawa lenye rangi. Avgas 100LL ni ya buluu hafifu. Maji yatakaa chini kama lulu, au kama mstari mwembamba unaocheza ukikitikisa kikombe. Hatari kubwa ni kikombe kisicho na mstari kabisa. Kinaweza kuwa mafuta matupu, na kinaweza kuwa maji matupu. Rangi itakuambia, na pua pia: maji hayanuki. Ukiwa na shaka, dondosha tone la maji ndani. Kama yaliyomo ni mafuta, tone litazama na kuonekana.

Ukikuta maji, mwaga na upime tena mpaka yaishe, kisha tikisa mabawa kwa juu, ngoja, upime tena. Maji hujificha kwenye mikunjo ya tangi na kuteremka pua inapoinuka, ndiyo maana injini hukubali majaribio yote ardhini halafu izime ukipanda.

Pipa lina sura yake. Avgas haipatikani kila uwanja wa mikoani, na rubani wa safari ndefu anaweza kujikuta anajaziwa kutoka pipa la lita 200. Kama lilisimama wima mvuani, maji yalikaa juu ya mfuniko, na pipa likipoa usiku lilivuta maji yale ndani kupitia uzi wa kizibo. Liache litulie, usichovye mpira wa pampu hadi chini kabisa, pitisha mafuta kwenye faneli yenye chujio, unganisha waya wa ethi, wa kuondoa umeme tuli, kati ya pipa, pampu na ndege kabla ya tone la kwanza. Halafu subiri tena kabla ya kuchukua sampuli. Anayekuharakisha hapo mwache aharakishe.

Mafuta yamejazwa, injini imewaka, lakini kikombe hakina buluu

Usiruke. Ndege za abiria zinazotua Songwe hutumia Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, zikiwemo zenye mapangaboi, ATR na Q400. Kwa hiyo pangaboi si ushahidi kwamba ndege inatumia avgas, na mjazaji anaweza kuchanganyikiwa kwa nia njema kabisa. Injini ya pistoni ikipewa Jet A-1 inaweza kuwaka na kutembea kwa avgas iliyobaki kwenye mirija, kisha ikapigapiga na kufa baada ya kuruka.

Avgas iliyochanganyika hufifia rangi. Dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka bila alama, Jet A-1 huacha duara la mafuta kama karatasi ya maandazi. Simama kando ya bawa wakati wa kujaza, soma maandishi kwenye pampu, taja kwa sauti unachotaka. Ukigundua kosa, matangi na mirija yote vimwagwe na fundi. Kuongeza avgas juu yake hakusaidii.

Na petroli ya sheli? Ndege yako ikiwa haina kibali cha maandishi cha kuitumia, jibu ni hapana. Huvukiza upesi zaidi, na katika joto na kimo hiki mvuke huziba mrija kabla mafuta hayajafika kwenye injini.

Nguvu inafifia baada ya muda, ukitua na kufungua kifuniko tangi linavuta pumzi

Sauti ile ya kunyonya unapofungua kifuniko ni jawabu lote. Tangi linapotoa mafuta lazima liingize hewa. Tundu la kupumulia likizibwa, ombwe linazidi mpaka pampu au mvutano wa dunia ushindwe. Mzibaji mkubwa ni nyigu wa udongo: ndege ikilala siku chache anajenga chumba chake kwenye mrija chini ya bawa la 172 na kukifunga vizuri. Chunguza kwa macho na taa kila ukaguzi. Usichokonoe kwa waya, utasukuma udongo ndani, mwite fundi. Ukiwa hewani, badilisha tangi. Hiyo ndiyo nafasi uliyonayo.

Tangi moja linaisha haraka kuliko jingine

Kwenye 172 kichaguo kikiwa kwenye matangi yote mawili, tofauti kidogo ni ya kawaida. Presha ya hewa kwenye matundu ya kupumulia hailingani, na mwanafunzi asiyegusa pedali huku mpira wa kipimo cha kugeuka umekaa upande mmoja anasukumia mafuta bawa moja safari nzima. Rekebisha uendeshaji wako kwanza. Kama tofauti ni kubwa, chagua tangi lililojaa zaidi kwa muda ukiwa ndege imetulia, na uandike saa uliyobadilisha.

Maegesho yenye mteremko yana lake: kichaguo kikiachwa kwenye yote mawili, mafuta ya bawa la juu hutiririka kwenda bawa la chini usiku, na hata kumwagika kupitia tundu. Geuza kichaguo kwenye tangi moja tu kabla ya kuiacha ndege.

PA-28 haina nafasi ya "yote mawili". Wengi hubadilisha kila nusu saa, pampu ikiwa imewashwa, macho kwenye presha ya mafuta kwa dakika nzima baada ya kugeuza. Injini ikizima kwa kukauka tangi huku jingine limejaa, hilo ni tatizo la saa na karatasi.

Kabla ya kusawazisha, jiulize kama mafuta yanatumika au yanatoka. Kifuniko kilichosahaulika huacha upepo wa juu ya bawa uyafyonze mafuta yote kama mvuke mweupe nyuma. Mrija uliolegea huacha doa la buluu chini ya bawa au harufu kwenye chumba cha rubani. Mwaka 2001 rubani wa Airbus A330 ya Air Transat juu ya Atlantiki waliona matangi hayalingani, wakafungua njia ya kuyasawazisha, na kumbe walikuwa wanalisha mrija uliopasuka. Walielea hadi visiwa vya Azores bila injini hata moja. Tofauti inayokua haraka, hasa pamoja na harufu, ichukuliwe ni uvujaji mpaka ithibitike vinginevyo. Tua uwanja wa karibu.

Geji inasema moja, karatasi inasema nyingine

"Mwalimu, geji ipo nusu."

"Nimekuuliza kijiti kimesoma ngapi."

Mazungumzo haya hurudiwa kila asubuhi, na ni sawa yarudiwe. Geji ya ndege ndogo ni boya linalopanda na kushuka na mafuta. Kanuni za utengenezaji zinaidai isome sifuri pale mafuta yanayotumika yanapoisha, ukiwa umetulia sawa. Katikati ya hapo husoma inavyojisikia. Kijiti cha kupimia ni shahidi bora, kwa masharti: kiwe cha ndege hiyohiyo, ndege iwe kwenye ardhi iliyo sawa, na ukisome kabla mafuta hayajakauka juu yake.

Lakini geji inayoshuka kuliko hesabu isipuuzwe kwa kuwa geji ni waongo. Zikigombana, amini ile yenye habari mbaya.

Ugomvi mwingine ni wa vipimo. Kitabu cha ndege ya Marekani kinataja galoni, mjazaji anauza lita, karatasi ya uzito inataka kilo au paundi. Galoni moja ya Marekani ni lita 3.785, na lita moja ya avgas ina takriban kilo 0.72. Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta hewani tarehe 23 Julai 1983 kwa sababu paundi ziliingia mahali pa kilo kwenye hesabu. Ikatua Gimli ikielea. Chagua kipimo kimoja, mimi napendelea lita, na uandike karatasi nzima kwa hicho.

Tazama pia neno "yanayotumika". 172N yenye matangi ya kawaida ina galoni 43, zinazotumika ni 40, yaani lita 151. Cessna 152 ina 26, zinazotumika 24.5. Salio si akiba, limekaa mahali ambapo mrija haufiki.

Mafuta yametumika zaidi ya ulivyopanga

Hapa namba zina maana kuliko maneno. Chukua 172N, matangi yamejaa, kutoka Nduli kwenda Songwe na kurudi bila kujaza. Mstari ulionyooka ni takriban maili za baharini 165. Kasi yako hewani ni noti (maili za baharini kwa saa) 105, na kwa mfano injini inatumia lita 34 kwa saa ukiwa umevuta kitasa sawasawa.

Mwanafunzi asiye na upepo kwenye hesabu anapata saa 3 na dakika 9. Lakini kiangazi upepo wa huku hutoka mashariki na kusini-mashariki. Mpe noti 20 mgongoni wakati wa kwenda: saa 1 na dakika 19. Noti 20 usoni wakati wa kurudi: saa 1 na dakika 56. Jumla saa 3 na dakika 15 au 16. Upepo wa kwenda haulipi deni la upepo wa kurudi, kwa kuwa unakaa muda mrefu zaidi kwenye ule mbaya.

Lita 34 kwa muda huo ni 111. Ongeza 12 za kutembea ardhini na kupanda mara mbili, zinakuwa 123. Zinabaki 28, kama dakika 49. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa anayeruka kwa kuona mchana ni akiba ya dakika 30, usiku 45. Umepona, ila hukubaki na nafasi ya kuzunguka wingu.

Sasa mwanafunzi huyohuyo asahau kitasa chekundu na kuruka tajiri njia nzima. Tuseme injini inakula lita 42. Safari inakuwa 137, na zile 12 zinafika 149. Zimebaki lita 2, na Nduli bado hajasimama. Geji haikuharibika, tangi halikuvuja, mjazaji hakuiba. Jedwali la kitabu lilihesabiwa kwa mchanganyiko uliorekebishwa, na yeye aliruka ndege nyingine.

Mizunguko ya uwanja (kuruka, kuuzunguka na kutua tena) nayo hula kuliko safari: kila kuondoka ni nguvu yote, kila kupaa tena vilevile. Usitumie namba ya safari kwa somo la kutua na kuruka. Baada ya kila siku gawanya lita ulizojaza kwa saa ulizoruka, uandike kwenye daftari la ndege hiyo. Namba ikipanda ghafla bila kubadilisha mtindo, mwonyeshe fundi kabla ya safari inayofuata.

Kishawishi cha kupunguza mafuta ili ndege iwe nyepesi ni cha kweli kwenye viwanja vya juu: matangi ya 172S, yenye lita 200 zinazotumika, ni kilo 144. Pima, na kama uzito umezidi, acha mzigo au abiria. Kupunguza mafuta kuwe kwa hesabu iliyoandikwa, pamoja na uwanja mbadala. Njombe ikijaa wingu, je, utafika Songwe au Nduli na akiba yako ikiwa nzima?

Injini ya sindano haiwaki tena baada ya kusimama kidogo juani

Mafuta kwenye mirija juu ya injini ya moto yamegeuka mvuke. Fuata utaratibu wa kuwasha injini moto kwenye kitabu, si ule wa asubuhi, na usisukume pampu hadi mafuta yachuruzike chini. Elekeza pua kwenye upepo unapoegesha. Betri ikianza kuchoka, pumzika. Starta nayo inaungua.

Unaona hayatafika

Sema mapema. Ukiwa umeshaamua uwanja wa kutua na ucheleweshaji wowote utakula akiba ya mwisho, mwambie mwongoza ndege "MINIMUM FUEL". Hiyo si dharura wala haikupi kipaumbele, inamfahamisha tu kwamba huna muda wa kuzungushwa. Ukihesabu kwamba utatua na chini ya akiba ya mwisho, neno ni "MAYDAY, MAYDAY, MAYDAY, FUEL", na halisubiri injini ikohoe.

Punguza nguvu hadi ile ya umbali mrefu iliyo kwenye jedwali, rekebisha kitasa chekundu, acha kupanda kusikohitajika. Ukiwa na PA-28, usikaushe tangi ukiwa kimo cha chini. Hifadhi yote yaliyobaki kwenye tangi moja na utue nalo. Kama uwanja haufikiki, chagua shamba au barabara ukiwa bado na injini, kwa kuwa kutua shambani ukiwa na nguvu ya kusogea mbele kidogo au kukwepa nguzo ni tofauti kabisa na kutua ukielea. Zunguka mara moja uangalie nyaya za umeme, mteremko na watu. Funga mafuta na umeme kabla ya kugusa ardhi, na mlango uufungue kidogo usije ukabanwa na fremu iliyopinda.